Waffle za Kabichi Mbele ya Madhabahu

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimeaibika mbele ya usharika mzima, tena nikiwa na suti na tai. Naandika haya nimejibanza nyuma ya nyumba, karibu na zizi, niwahi kuwasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Elinami.

Tuko Vudee, kwenye milima ya Upare, ukweni, tangu siku mbili kabla ya Krismasi. Mimi kwetu Kihurio, tambarare, watu wa mpunga. Huku juu ni baridi, na kila unakokwenda ni mteremko au kilima. Siku ya pili nilijitolea kukata majani ya ng'ombe. Nikateleza na mzigo wangu kichwani mpaka kwenye shamba la jirani (jirani alishukuru sana, ng'ombe wake walishiba). Tangu hapo sijapewa kazi yoyote. Nikishika jembe, baba mkwe anasema, "Mwacheni mgeni apumzike." Nikishika ndoo, "Mgeni akae." Miaka minne ya ndoa, mtoto mmoja, na bado mimi ni mgeni. Elinami, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anagombezwa na baba yake kutwa nzima, wala hajui bahati aliyo nayo.

Hilo liliniuma, nawaambia ukweli. Kesho ndiyo ilikuwa siku yetu ya kushuka, na nilikuwa nimeapa siondoki hapa nikiitwa mgeni.

Jana tukiwa tunakula chakula cha jioni nikatangaza, "Kesho chai ya asubuhi naandaa mimi."

Elinami akakohoa. Baba mkwe akasema, "Haya, tutaona." Mama mkwe hakusema kitu. Mimi na yeye ni shikamoo na marahaba, basi, ukwe una heshima zake.

Nilikuwa na mashine ya waffle, ile mikate ya mayai yenye vijumba vya mraba. Niliinunua Same mjini tukiwa njiani kuja. Na nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanachukua mboga zilizobaki za sikukuu, wanazikwangua, wanachanganya na unga na mayai, inatoka waffle ya maana. Kabla hatujalala mke wangu akaniambia, "Mboga zilizobaki ziko stoo, kwenye beseni la bluu."

Beseni la bluu. Alisema wazi kabisa. Sina wa kumlaumu.

Alfajiri nikaingia stoo. Kwenye beseni la bluu kulikuwa na nusu kabichi iliyonyauka, karoti zimelegea kama kamba za viatu, na majani ya maboga ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Pembeni kulikuwa na kikapu kikubwa kimefunikwa kitenge. Nikafunua. Kabichi mbili nzima, karoti nene zilizooshwa, viazi, vitunguu, tangawizi ya kutoka kule Mamba, na mayai yamepangwa ndani ya pumba yasivunjike. Yaani kila kitu ninachohitaji, mahali pamoja. Nikajiambia, ona mama mkwe wangu. Haongei, lakini ameniandalia. (Machozi yalinilengalenga. Msinicheke bado, hatujafika.)

Ningeuliza? Mke wangu alikuwa anambembeleza mtoto aliyeamka na homa ya meno. Mama mkwe alikuwa zizini anakamua. Sasa mkwe gani anamfuata mama mkwe zizini alfajiri kumuuliza habari za kabichi? Nikabeba kikapu.

Soketi iko sebuleni, kwa hiyo nikapikia pale pale mezani. Waffle ya kwanza ikang'ang'ania mashine, nikaitoa kwa kisu vipande vipande. Ya pili ilikuwa mkaa nje, uji ndani. Nikazila zote mbili za moto hivyo hivyo, ushahidi usionekane (ulimi unauma hadi sasa). Nikagundua kabichi ina maji mengi, nikaikamua kwenye kitambaa, nikaongeza unga. Umeme ukayumba, ukafifia, nikasimama pale nikiusubiri urudi kama ninamsubiri mgonjwa azinduke. Ukarudi. Ya tatu ikatoka nzima, vijumba vyote vimetimia. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kunizuia. Sikuacha mpaka kikapu kikawa kitupu na beseni la waffle likawa limejaa.

Watu wakakaa. Baba mkwe akachukua moja, akaigeuza, akaitazama chini, akala. Akachukua ya pili.

"Hii umetengeneza na nini?"

"Mboga za sikukuu, baba. Zile zilizobaki."

"Nzuri. Kumbe hakuna cha kutupa."

Elinami alikula tano bila kunitania hata mara moja. Mama mkwe alionja jikoni, akamtuma mke wangu aje aniambie kwamba tangawizi imekaa sawasawa. Kwa mama mkwe hiyo ni hotuba. Nilikaa pale nimejaa kifua, najiona mtu wa Vudee wa kuzaliwa.

Kisha nikamsikia mama mkwe kutoka stoo.

"Kikapu cha sadaka kiko wapi?"

Ngoja niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa wakati huo huo, nikiwa na waffle mdomoni. Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwaka. Usharika huu kila nyumba inapeleka mazao kumshukuru Mungu. Kikapu kinawekwa mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha kinanadiwa nje. Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita alisimama yeye mwenyewe akawaonya watu wasimpelekee Mungu makombo ya sikukuu. (Makombo. Mke wangu amenihakikishia ndilo neno alilotumia.)

Nikameza. "Baba, nadhani tumekila."

Baba mkwe akaiweka waffle yake kwenye sahani polepole. Nikasubiri anifokee. Nilitamani anifokee. Akasema kwa upole, "Si kitu. Mgeni hakujua."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia. Bustani iko bondeni kule, kwenda na kurudi karibu saa nzima. Mama mkwe akaingia sebuleni. Alizichukua waffle zilizobaki, akazipanga kwenye kikapu, akafunika kwa kile kile kitenge, akakiweka mbele yangu. Nikaelewa. Nikavaa suti.

Kanisani nikapanga foleni ya sadaka. Mbele yangu mtu na mkungu wa ndizi, nyuma yangu mama na jogoo. Kikapu changu kinanukia mayai ya kukaanga. Nilipofika mbele, mchungaji akafunua kitenge, akatazama ndani, akanitazama mimi, akatazama tena ndani. Akasema, "Bwana avipokee vyote." Kwenye "vyote" akavuta pumzi.

Nikadhani yameisha. Hapana, mnada ulikuwa bado.

Mzee anayenadi ana sauti ya kufika Same bila kipaza sauti. Ndizi zikaenda. Jogoo akaenda. Akaingiza mkono kwenye kikapu chetu, akatoa waffle moja, akaiinua juu.

"Hiki ni kikapu cha mzee wetu wa kanisa. Na hiki ndani yake ni nini?"

Baba mkwe akatazama viatu vyake. Mke wangu akanisukuma mgongoni, nikajikuta mbele.

"Ni kabichi," nikasema.

"Kabichi?"

"Na karoti. Na viazi. Mayai nayo yamo."

Bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa akaikazia macho. "Imekanyagwa na trekta?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji alijigeuza akajifanya anarekebisha kola. Mimi, kwa vile nilikuwa nimeshazama, nikaamua nizame vizuri. Nikaeleza jinsi ya kukamua maji ya kabichi. Nikaeleza mambo ya soketi. Niliwaambia hata ile ya pili ilivyoungua. Mzee akangoja nimalize, akauliza, "Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Akauliza tena. Mtu mmoja akapenga kamasi, ndiyo sauti pekee niliyoisikia. Elinami alikuwa amejificha nyuma ya mti wa mgrevilea, mabega yanatikisika.

Halafu mkono ukanyooka upande wa kina mama. Alikuwa mama mkwe.

"Nachukua zote," akasema. "Amepika mkwe wangu."

Nawaambia, kama sikulia pale ni kwa sababu ya tai kunibana. Mama wa watu amenunua sadaka yake mwenyewe, mboga alizozilima kwa mikono yake, mbele ya watu wote, ili mimi nisiaibike zaidi. Nilipompokea kikapu nikasema, "Asante, mama." Akasema, "Beba vizuri, zisivunjike."

Tukaanza kurudi. Njia nzima kimya. Baba mkwe mbele, mimi nyuma yake na kikapu. Nikafikiri labda nichangamshe kidogo. Nikasema, "Baba, angalau hazikukosa mnunuzi."

Akasimama katikati ya njia. Akageuka.

Jamani. Alinigombeza kutoka pale kwenye kona ya kisima mpaka mlangoni. Kwa Kiswahili kwanza, na kilipomwishia akahamia kwenye Chasu, Kipare chenyewe. Chasu cha huku juu nakielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha. Kwamba nina macho lakini sioni beseni. Kwamba mtu mzima na ndevu zake anafunua vitu vilivyofunikwa bila kuuliza. Kwamba kesho hakuna anayesafiri. Nitashuka bondeni na Elinami, nitachuma kikapu kizima kwa mikono yangu, na Jumapili ijayo nitakirudisha madhabahuni mbele ya watu wale wale, mbichi, na mwaka huu wote nisionekane na ile mashine karibu na stoo. Elinami alikuwa anafurahi pembeni, akapata na yeye sehemu yake, kwa kucheka.

Tulipofika jirani akachungulia kwenye ua, akauliza, "Mzee, unamfokea mgeni?"

Baba mkwe akajibu bila hata kumtazama. "Mgeni yupi? Huyu ni mwanangu, tena hana akili."

Naomba mtu asicheke. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba nimegombezwa vibaya sana, na sijawahi kufurahi hivi tangu nioe.