Magogo Matano ya Marlys

Jumatatu, 18 Novemba
Binti yangu Karin kapiga simu kutoka Houston. Anakuja Sikukuu ya Shukrani! Hajakanyaga hapa Duluth tangu tulipomzika mama yake mwezi Machi. Kauliza kama meko ya gesi pale sebuleni bado yanawaka, maana anataka kukaa mbele ya moto wa mama. Nikamjibu yanawaka vizuri sana. Sijui kama yanawaka. Miaka ishirini na sita mke wangu Marlys ndiye aliyeyasafisha kila Novemba, mimi nikiwa kitini nikitoa maoni.

Mpango: nisafishe mwenyewe, kisha nimdokeze Karin kwamba siku zote kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nimetoa magogo yote matano. Ni ya udongo wa kuchoma, yamefinyangwa yafanane na mti wa kweli. Vumbi tele. Brashi laini ya Marlys sikuiona, basi beseni, maji moto, sabuni ya vyombo. Nikasugua kwa bidii! Ndipo nikakumbuka. Chini ya kila gogo aliandika namba kwa chaki, moja hadi tano, lipi likae wapi. Zimekwenda na maji. Ulikuwa mwandiko wake.

Jumatano, 20 Novemba
Magogo yamekauka. Nimeyarudisha kwa jicho langu. Kile kimoto kidogo cha kuwashia kinakataa: nabonyeza kitufe, kinawaka, naachia, kinakufa. Mara kumi na moja! Harufu ya gesi ikazidi. Nikafunga gesi, nikafungua madirisha, nikakaa na koti na kofia. Nje nyuzi nane chini ya sifuri.

Dewey, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipoona madirisha wazi akaja mbio kuuliza kama nyumba inaungua. Mtu wa Texas, huko huko kwa Karin, kahamia hapa mwaka huu. Ametengeneza tanuri za gesi miaka thelathini. "Mzee, nikuangalizie?" Nikasema hapana, usijisumbue. Akasema dakika kumi tu, mzee wangu. Nikasema una shughuli zako, bwana. Nikawa nafungua mdomo niikubali ile ya tatu. Akasema haya, akaenda zake!

Huku kwetu hata kahawa huikubali hadi ukaribishwe mara tatu. Mbili za kwanza ni salamu. Marlys mwenyewe nilimposa mara tatu, na zile mbili aliniambia nisijisumbue. Nilikuwa nimeshatoa vikombe viwili, changu na cha Dewey.

Ijumaa, 22 Novemba
Mpango mpya: Dewey aulize mara ya tatu bila mimi kuomba. Nikamwondolea theluji mlangoni pake. Akashukuru, akanipa biskuti. Hakuuliza. Nikafungua madirisha yote, nikakaa pale anaponiona, nikitetemeka zaidi kidogo ya ilivyohitajika. Akanipungia mkono! Huyu mtu kalelewa na nani?

Biskuti nimekula peke yangu. Zilikuwa tamu, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumapili, 24 Novemba
Ushindi! Nimepuliza kitundu cha kimoto kwa mrija wa soda. Ukatoka utando wa buibui, na mwenye nyumba akiwa ndani. Kimoto kikasimama imara. Nikapiga kelele za furaha. Hakuna aliyenisikia.

Nusu saa baadaye, balaa. Magogo niliyabananisha yapendeze, moto ukawa unayalamba, rangi ya machungwa, moshi mtupu. Kioo cha meko kikawa cheusi. Masizi mpaka kwenye picha ya Marlys juu ya rafu. Nikazima, nikatoka nayo kibarazani kuipangusa, na machozi yakanitoka.

Dewey akaniona. Safari hii hakuuliza kitu. Akaingia na viatu vyake, akasubiri magogo yapoe, akayapanga upya. Akanionyesha kwamba kila gogo lina kitako chake, na moto lazima upate pa kupita. "Umelilalisha gogo juu ya moto, mzee, huo moto utapumua vipi?" Akaandika namba mpya kwa chaki. Akanywa kahawa vikombe vitatu bila kukataa hata kimoja!

Mlangoni akaniambia: "Juzi ungesema ndiyo tu, tungekuwa tumemaliza." Ni kweli. Naandika nisisahau: nikipewa mkono wa msaada, naupokea mara ya kwanza. Nimemwapia Marlys mbele ya picha yake.

Alhamisi, 28 Novemba
Karin yupo! Nikamdokeza kwamba kusafisha meko siku zote ilikuwa kazi yangu. Kabla hatujawasha, akainua gogo la tatu, akatazama chini yake. "Baba, huu si mwandiko wa mama." Uongo wangu ukaishia pale pale. Nikamweleza habari ya beseni. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu, nami pia. Bata mzinga tumemla mbele ya moto, sahani magotini, jambo ambalo Marlys asingeliruhusu. Sijapata siku nzuri kama hii tangu Machi.

Jumamosi, 30 Novemba
Karin ameondoka. Jana aliniambia nikakae nao Houston hadi theluji iishe, chumba kipo. Nataka! Nataka sana, kimya cha nyumba hii kinanimaliza. Nikamjibu hapana mwanangu, msijisumbue. Leo, mkono wake ukiwa kwenye mlango wa teksi, akauliza tena. Nikamwambia mna mambo yenu. Akanikumbatia. "Sawa baba, sitakulazimisha." Miaka kumi na miwili ya Houston imemharibu mtoto.

Moto unawaka vizuri, hakuna masizi. Sanduku nimeshalipanga, liko mlangoni. Simu iko hapa gotini. Bado aniulize mara moja tu.