Siku Sita Nilizokuwa Kitukuu wa Sangito

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimepata ukoo mpya. Sikuutafuta. Umenijia wenyewe saa nne asubuhi, mtori ukiwa bado mdomoni.

Ilikuwa hivi. Dokta Evaresta, mwanahistoria, alituita waongoza watalii tusio na kampuni, tukutane kwenye mgahawa hapa Sekei. Tulifika kumi na mmoja. Ana kitabu cha safari cha Mjerumani mmoja, Bwana Wendelin, aliyepita miteremko ya Meru mwaka 1904 akikusanya vinyonga, mende na ndege, na kuandika kila alichokiona. Dokta anakitafsiri kwa Kiswahili. Sasa anataka kufungua njia ya kutembea kwa miguu palepale alipopita yule msafiri, kuanzia Poli, juu ya Tengeru, mpaka ndani ya msitu. Anatafuta mwongozaji mmoja wa kudumu. Wa kudumu! Neno tamu kuliko asali.

Akasema msafiri alikuwa na kiongozi mwenyeji, Mmeru, jina lake Sangito. Akauliza kama kuna anayemfahamu.

Mkono wangu ulipanda kabla sijaushauri. Nikasema Sangito ndiye baba wa babu yangu. Jina lenyewe nilikuwa nimelisikia muda uleule.

Elihuruma akaguna. Huyu Elihuruma ana darubini mbili, buti zisizoshika matope, na majina ya ndege ya kisayansi anayatiririsha kama sala. Akauliza, kwa adabu ile yake inayokera, mbona miaka yote hii sijawahi kumtaja babu huyo. Nikamjibu kwamba kwetu hatuna tabia ya kujisifu.

Dokta alifurahi karibu anikumbatie. Alhamisi tutaijaribu njia, mimi na Elihuruma, kisha ataamua. Jumamosi kuna mkutano na wanakijiji kwenye ukumbi wa usharika kule Poli, atawasomea kitabu.

Lazima nishinde. Tangu Juni, nilipowapoteza Waholanzi sita kwenye msitu wa kupandwa kule Olmotonyi, simu yangu imenyamaza. (Miti imepangwa mistari, na kila mstari unafanana na mwenzake. Ningefanyaje?) Tabea, mke wangu, ametamka leo akikunja nguo: nisipopata kazi wiki hii, Jumatatu naenda Poli kumchumia mama yake kahawa mpaka msimu uishe.

Msimu unaisha Desemba.

Jumanne, 9 Septemba

Kitukuu asiye na kumbukumbu ya babu yake ni mtu wa kutiliwa shaka. Nimetengeneza fimbo ya Sangito.

Nilichukua mpini wa ufagio wetu, nikaupaka rangi nyeusi ya viatu, nikaufukiza juu ya jiko la mkaa hadi ukaonekana umeona vita. Kazi nzuri sana. Tabea akauliza mpini wa ufagio uko wapi. Nikamwambia uko kwenye utafiti. Amefagia ameinama.

Mchana nikapanda Poli kwa mama mkwe, Mama Anande. Ana miaka sabini na minne, anavaa mabuti ya mpira kutoka alfajiri hadi jioni, na hajawahi kuumwa na chochote. Nilimkuta katikati ya mibuni. Shikamoo mama. Marahaba, baba Vaileth. (Vaileth ni binti yetu, yuko shule ya bweni.) Nikamuuliza kama wazee wa zamani waliwahi kumsimulia habari za mtu aitwaye Sangito.

Akaacha kuchuma. Akaniangalia.

"Sangito yupi, yule wa chupa?"

Nikasema sina haja na wa chupa, namtaka yule aliyetembea na Mzungu.

"Ndiye huyohuyo. Kaa hapa nikusimulie."

Lakini nikaona mguu wake unasukuma kikapu kitupu taratibu kuja upande wangu. Nimuelewe vipi? Simulizi moja, debe zima la kahawa! Nikakumbuka nina miadi mjini. Mimi si mjinga wa kiwango hicho.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya masomo. Nimekariri ndege kutoka kwenye kalenda ya zamani yenye picha. Kwa bahati mbaya imechanika, imebaki Agosti hadi Desemba. Najua ndege watano. Nikikutana na wa Januari nitakohoa.

Elihuruma kapiga simu, anauliza kama nina buti za kesho, ana jozi ya ziada. Nia yake ni kunidhalilisha kwa wema. Nimekataa. Viatu vyangu vya kanisani vinatosha.

Alhamisi, 11 Septemba

Viatu vya kanisani havikutosha.

Tulianza saa mbili, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilianguka mara tatu kabla ya kufika msituni. Mara ya tatu nilijifanya nachunguza mdudu.

Fimbo iliwavutia wote mwanzoni. Dokta aliishika kwa mikono miwili, akafumba macho. Elihuruma naye akaiangalia mwisho wa chini, pale ufagio unapokazwa, akauliza hizo nakshi za kuzunguka ni za nini. Nikasema ni alama ya ukoo. Akasema ni ukoo uliopiga hatua sana, kuwa na skrubu mwaka 1904.

Kisha manyunyu yakaanza. Rangi ya viatu, nimegundua, haipatani na maji. Dokta alijifuta jasho, akabaki na mstari mweusi kutoka nyusi hadi kidevu. Nikamweleza kuwa mti ule wa kale hutoa utomvu ukikumbuka nyumbani. Elihuruma akampa leso.

Kila tulipofika mahali palipotajwa kitabuni, Dokta alisimama na kusoma alichoandika msafiri, nasi tueleze ni kitu gani. Ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu kama moto? Nilikohoa. Elihuruma akasema ni shorobo, akamwonyesha yuko wapi, na anakula tunda gani. Ndege mwenye mdomo mkubwa kama mzigo? Hondohondo! Huyu nilimjua, ni wa Oktoba! Nikapiga kelele ya furaha, hondohondo akaruka akaenda zake.

Baadaye Dokta akasoma hivi: "Kila alfajiri mnyama nisiyemwona hukoroma juu ya miti, kama chura mwenye ukubwa wa ndama. Nilimuuliza Sangito ni nini. Akasema ni vema tusiulize."

Hapa nikaona nafasi yangu. Nikashusha sauti. Nikasema hayo ni mambo ya ukoo, kwamba ni mzimu wa mtawala wa kale, hutokea kwa watu wa damu ya Sangito peke yao, na kwamba wapo waliomwona wakanyamaza maisha yao yote. Dokta alikuwa anaandika kwa kasi. Nikaongeza kwamba hata mimi mwenyewe.

Ndipo kitu kikakoroma juu ya kichwa changu. Mngurumo mzito, wa kutetemesha majani. Nikajikuta nimemkumbatia Elihuruma. Nikatazama juu. Mbega! Mweusi na mweupe, mkia kama shela ya bibi harusi, mdomo ameubinua. Akanitazama vizuri, akajisaidia.

"Mbega," alisema Elihuruma polepole, akinipangusa bega.

Nikasema mizimu hujigeuza. Dokta akaacha kuandika.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nakunywa chai bila sukari kama adhabu, Dokta akapiga simu. Anasema Elihuruma anafahamu msitu kuliko mimi, hilo halina ubishi. Lakini mimi nina damu. Wageni wanapenda damu. Kesho mbele ya wanakijiji nisimame kama mjukuu wa ukoo, nivishwe shada la maua, naye atatangaza jina la mwongozaji.

Damu! Nilijua itanisaidia siku moja.

Nimewaalika jamaa wote. Nimempigia kila mwenye jina letu kuanzia Sekei hadi Tengeru, waje wamwone ndugu yao. Wengine waliuliza Sangito ni nani. Nikawaambia waone aibu. Tabea kapiga pasi shati langu jeupe, na kwa mara ya kwanza tangu Juni ameniita kwa jina la zamani, lile la uchumba. Sitaliandika hapa.

Jioni Dokta alipiga tena. Alisema yeye ndiyo kwanza anamaliza kutafsiri sura za mwisho, na kuna jambo la Sangito angependa tuzungumze. Nikamwambia mambo yote ya Sangito nayajua tangu utotoni, apumzike tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Jamaa zangu peke yao walikalia mabenchi saba. Mama Anande alikaa mbele, kitenge kipya, mabuti yaleyale. Dokta alinivuta pembeni mara mbili mlangoni, anataka kunieleza kitu. Mara zote mbili nilikuwa naweka wajomba kwenye viti. Nikamwambia asome yote, asifiche chochote, sifa za babu ni za watu wote.

Akasoma yote.

Nanukuu ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. "Leo Sangito amekunywa pombe kali niliyohifadhia vinyonga wangu, chupa zote. Vinyonga kumi na saba wameharibika, kazi ya miezi mitatu. Nimemkuta amelala chini ya mti, anawacheka mmoja mmoja kwa majina. Alipoamka alituongoza upande usio wenyewe siku mbili, kisha akatoroka na blanketi langu."

Kisha mtu kwenye mabenchi yangu saba akaanza kucheka, na kicheko kikapita benchi hadi benchi kama moto wa nyasi. Nilisimama nikaeleza kwamba Sangito ni jina la kawaida sana, huenda walikuwa wawili. Hakuna aliyesikia. Shada la maua lilikuwa tayari shingoni mwangu.

Dokta akaomba utulivu, akaendelea. Msafiri aliandika kwamba walipokuwa wamepotea, wana njaa, mwanamke mmoja kijana aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliwakuta, akawalisha ndizi, akakaa nao wiki nzima msituni. Jina lake Ndelilio. Mjerumani alikuwa ameandika habari za vinyonga wa aina mbili, mwenye pembe ndefu tatu na mwenye kijipembe kimoja. Ndelilio alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia hao ni mume na mke. Akamwambia pia kwamba kinyonga huyu hatagi mayai, anazaa watoto wakitembea. Msafiri aliandika kuwa hakuamini. Ukurasa uliofuata aliandika: "Nimeona kwa macho yangu. Watoto kumi na mmoja. Mwanamke huyu aliyajua yote haya kabla sijafika huku."

Mama Anande akasimama. Hakusema kwa sauti kubwa.

"Ndelilio ni bibi yangu. Ndiye aliyenilea."

Kisha akaanza kutaja. Ndege mmoja mmoja, kwa Kimeru kwanza, halafu kwa Kiswahili: yupi akilia mchana kutwa mvua iko njiani, yupi anapanda miti kwa kudondosha mbegu, mti upi nyuki wanaupenda mwezi gani. Alisema bibi yake alimfundisha wakikata majani, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Tabea alikuwa analia. Elihuruma alikuwa anaandika, miwani imejaa ukungu. Mimi kuna kitu kiliniingia jichoni, nadhani ni chavua ya lile shada.

Nikalivua shada, nikaenda nikamvisha Mama. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mengine hakika yalikuwa yangu.

Mwongozaji wa kudumu: Mama Anande. Msaidizi: Elihuruma, kwa ombi lake mwenyewe, anasema anataka kujifunza. Nikamnong'oneza Mama kwamba atahitaji na msaidizi wa pili. Akasema atahitaji sana, tena mtu wa familia. Moyo ukaruka.

"Sasa nani atachuma kahawa, baba Vaileth, nikiwa na wageni?"

Jumatatu, 15 Septemba

Poli. Kahawa. Mgongo.

Saa tatu Mama alipita na wageni wanane na Elihuruma nyuma yao na daftari. Alisimama, akawaonyesha shorobo, kisha akawaonyesha mimi. Sijui alisema nini, ila walipiga picha.

Alhamisi, 18 Septemba

Ugunduzi! Naandika mbio, mwandiko mbaya.

Leo kwenye mbuni nimemwona mdudu ambaye kitabu cha Mjerumani hakimtaji popote. Nimemuuliza Elihuruma kwa simu, kasema yeye ni mtu wa ndege. Umbo la ngao, mweusi, madoa ya rangi ya chungwa na meupe, mzuri kama kitenge. Amekaa juu ya tunda la kahawa, mdomo ameuchomeka ndani, hana wasiwasi. Wapo wengi. Kumbe msafiri mzima alipita hapa, akakusanya mende mpaka akachoka, asimwone huyu!

Nimempa jina langu: mdudu wa Sadoki. Nimemwandikia Dokta atafute watu wa sayansi. Jirani alipita akamwona, akapiga yowe, akaniambia niwaue wote haraka kabla Mama hajarudi kutoka msituni na wageni. Wivu! Ndivyo walivyofanyiwa wagunduzi wote.

Watu wa sayansi watataka wengi, si mmoja. Kwa hiyo nimekusanya mia moja na ishirini kutoka shamba zima, hata kwa jirani, na kuwahamishia wote kwenye ile mibuni kumi bora ya Mama iliyo karibu na nyumba, yenye matunda mengi kuliko yote, wale washibe, wazaliane kwa raha. Nimewawekea na uzio wa chandarua wasitoroke.

Mama akirudi Jumamosi nitamfunika macho kwa mikono, nimwongoze mpaka pale, kisha nimfunulie.