Ndafu ya Lydia na Wale Wanaonyamaza

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Makala imetoka! Juu kabisa ya gazeti la mtandaoni la Nancy, na picha yangu ile ya tai nyekundu. Kichwa cha habari: "Ng'oeni Mizizi". Nimewararua wanamgambo wa jangwani. Nimewararua mabalozi wanaotaka kukaa nao meza moja, nikawaita kupe waliovaa suti. Nikamalizia kwa mstari nilioutafuta wikiendi nzima: kwamba magaidi angalau wanapiga kelele, wabaya zaidi ni wenzao wa dini wanaonyamaza, wapo hapa hapa mjini, wanauza nyama na kanga kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ephraimu naye nimempa yake. Huyu ni mstaafu mwenzangu, anakaa karibu na Makumira, na wiki iliyopita Nancy alimpa nafasi ya juu aandike kuwa hata na adui watu huzungumza. Jina sikulitaja. Nimesema tu "mzee fulani mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, uji usio na chumvi wala sukari".

Nancy anasema watu wanaisambaza sana. Sijawahi kusambazwa. Mke wangu Prisca kaniuliza siasa za nje nimejifunzia wapi, maana miaka yote nilikuwa karani wa chama cha kahawa. Nimemkumbusha kuwa nimefika mpakani Namanga.

Jumamosi ni sendofu ya binti yetu Lydia, tunamuaga kabla ya harusi. Mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, yuko nyuma ya nyumba, kanona. Sina wasiwasi na chochote.

Jumanne, 3 Septemba

Nina wasiwasi.

Prisca amerudi kutoka sokoni Kilombero hata salamu hana. Ameleta ujumbe wa Mzee Uwesu wa Kaloleni, mwenye bucha. Mzee huyu ndiye anayetuchinjia kila sherehe tangu ubatizo wa Lydia, ili wageni wote, wa kanisani na wa msikitini, wale sufuria moja. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Na safari hii nusu ya kamati ya sendofu ni akina mama wa sokoni, Waislamu, wametoa michango na wameshashona sare.

Mzee Uwesu kasema amesoma. Hakujua kumbe alitakiwa kunipigia simu kila asubuhi kunijulisha kuwa hajalipua kitu. Jumamosi atakuja, atakaa, atakula wali na kabichi. Kuchinja, tumsamehe. Kulitaja jina la Mungu nyumbani kwa mtu anayemwona muuaji, ulimi wake utakuwa mzito.

Nimemwambia Prisca kuwa mzee amesoma vibaya. Makala ni ya kimataifa.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda Kaloleni na mkungu wa ndizi. Mpango: nimweleze siasa za nje kwa utaratibu mpaka aone mwenyewe kuwa sikumlenga yeye. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea chai ya tangawizi. Mwanzo mzuri.

Nilieleza vizuri sana. Neno "kimkakati" nililitumia kila nilipopata nafasi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza hao watu wangu wa jangwani wako nchi gani. Nikasema ni nchi kadhaa, zinapakana. Akasema anaowajua yeye hawako jangwani. Wako ng'ambo ya mto Ruvuma, na ndio waliomuua Omari, mtoto wa dada yake, aliyekwenda kule kuuza mitumba. Kijana alikuwa haachi swala hata moja. Haikumsaidia.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia jambo zito kama hilo. Akanijazia kikombe.

"Baba Lydia," akasema, "ulikuja msibani."

Prisca amethibitisha. Nilikaa chini ya turubai na nilirudia pilau. Nilidhani ni ajali ya gari.

Nimejisikia vibaya, sitaki kudanganya hapa. Imechukua muda mpaka nikaona upande wa pili: hii ni habari nzito mno, na Ephraimu hana.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempigia kijana mmoja mchinjaji wa Usa River. Alikubali haraka mpaka alipouliza jina langu. Hapo akasema kisu alifundishwa na Mzee Uwesu, halafu mtandao ukaanza kumsumbua. Mimi nilikuwa namsikia vizuri tu.

Nikapendekeza tununue nyama ya bucha. Prisca akasema ndafu hainunuliwi kwa kilo. Wakwe wanakabidhiwa mbuzi mzima, amechomwa, amesimama, na majani mdomoni, siyo mfuko wa nailoni. Nikapendekeza kaka yangu Thomasi achinje, yeye ni mzee wa kanisa. Prisca akauliza nani atakwenda kuwaambia akina mama wa sokoni wale kabichi kwenye sherehe waliyoichangia. Sikujitolea.

Basi imebaki kuomba radhi kwa maandishi. Nimeanza vizuri: "Naomba radhi kwa yeyote niliyemkwaza." Nikaisoma tena, nikaiona ina unyonge. Nikaongeza kuwa kuomba radhi siyo ulegevu kama ulegevu wa watu fulani. Ikabidi niwaeleze hao watu fulani ni nani. Kufika aya ya nne, Ephraimu alikuwa panya wa maktaba na mabalozi walikuwa kupe waliobadilisha suti. Radhi yenyewe ilibaki kwenye kichwa cha habari tu. Nimemtumia Nancy.

Ijumaa, 6 Septemba

Radhi imetoka. Kaloleni wameisoma. Mzee Uwesu hajasema kitu.

Lydia naye hakunigombeza. Heri angenigombeza. Amesema hataki sendofu ambayo Mama Hafidha, mke wa Mzee Uwesu, aliyemsuka nywele siku ya kipaimara, atakaa mbele ya sahani ya kabichi kwa sababu ya baba yake. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilisimama koridoni nikamsikia analia. Iliniuma kweli.

Nikampigia Nancy aziondoe makala zote mbili. Nancy akasema anaweza, ingawa ndizo zinazosomwa kuliko zote mwaka huu. Nikamuuliza zimesomwa na watu wangapi. Akanitajia. Tukaongea vizuri sana, na nilipokata simu nikakumbuka sikumwambia aziondoe.

Mchana kaja Ephraimu na miwani yake ya plasta. Nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na "konokono wa amani" tayari mdomoni. Hata hakunitazama. Alimwomba Prisca ampeleke kwa Mzee Uwesu, wakaondoka.

Wamerudi jioni, mzee amekubali! Nimemhoji Prisca nijue Ephraimu alitumia hoja gani. Hakuna hoja. Alikunywa chai, akamwomba mzee amsimulie habari za Omari, akauliza alikuwa kijana wa namna gani. Basi. Mzee alisimulia mpaka akalia, Ephraimu akakaa naye. Mwisho mzee mwenyewe akasema atachinja, kwa ajili ya Lydia.

Hiyo ndiyo diplomasia? Hakuna aliyesema "kimkakati" hata mara moja.

Kuna sharti. Mimi ndiye nishike miguu ya mbuzi, na nisiseme neno kuanzia mzee anapoingia getini mpaka anapoosha kisu.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeshika miguu. Nimenyamaza. Mzee Uwesu alimwelekeza mbuzi kibla, akalitaja jina la Mungu, na sauti yake ilikatika kidogo. Akanitazama. Nilikuwa na neno la kumwambia, na nadhani lilikuwa neno zuri. Lakini sharti ni sharti. Alipomaliza kuosha kisu nilikuwa nimeshalisahau.

Jioni ndafu ilisimama mezani na majani mdomoni, na wote walikula. Lydia aliwalisha wakwe, kisha akaenda kumlisha Mzee Uwesu kwa mkono wake. Mama Hafidha alilia kwa furaha. Mimi pia, nikasingizia moshi.

Halafu mshereheshaji akamtaja Ephraimu, akina mama wa sokoni wakampigia vigelegele. Vigelegele kwa uji!

Jumamosi, 21 Septemba

Harusi imepita salama. Leo tunavunja kamati kwa karamu, hapa kwangu. Kila kitu kiko tayari, viti vimepangwa, sufuria ziko mekoni.

Nimetafakari sana jambo hili na nimepata jibu. Jumanne ile mzee alikataa. Mimi sikurudi nyuma hata hatua moja. Ijumaa akakubali. Nani kashinda? Ephraimu alifika tu wakati tunda limeshaiva. Hili ni somo kwa mabalozi wote duniani, na sina haki ya kuwanyima. Makala imetoka asubuhi hii: "Msimamo Mkali Umeshinda Kaloleni". Habari za Omari nimezieleza zote, kwa heshima kubwa, jina kamili na mtaa. Pia kwamba mzee alilia. Nancy anasema inasambaa kuliko ile ya kwanza.

Mbuzi wa kamati amefungwa kwenye mgomba tangu asubuhi. Simu ya Mzee Uwesu inaita mpaka inakata. Ya Mama Hafidha hivyo hivyo. Akina mama wa sokoni walitakiwa wawe wameshafika kumenya ndizi, na hakuna hata mmoja aliyetuma ujumbe. Prisca amesoma kitu kwenye simu yake, akachukua mtandio, akatoka bila kuaga. Nimemwona njia panda akipanda gari la Ephraimu.

Nimebaki na mbuzi. Nimemwandikia Nancy anitunzie nafasi ya juu Jumatatu. Kuna watu Kaloleni wameanza tena kunyamaza.