Tangi Langu la Kwa Ndululu

Jumatatu, 17 Januari 1994

Mkutano wa baraza la mji wa Ithumula. Tulikalia madawati ya shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu, kwa sababu baraza bado halijanunua viti. Karani wetu, Bwana Mathenge, alitukumbusha kwamba wiki ijayo baraza linatimiza mwaka mmoja. Makofi. Kisha akatoa habari yenyewe. Mhandisi wa maji anakuja Jumanne ijayo kukagua huduma tulizowapa wananchi. Baada ya hapo ataamua paipu zilizobaki ziende wadi gani: kwangu Kwa Ndululu, au Kyandani kwa Diwani Syombua. Kwa wadi zote mbili hazitoshi.

Syombua alisimama akauliza kama mhandisi anataka kuona tulicho nacho au tunachokosa. Nilicheka hadi dawati likalia. Swali la mtu mgeni katika siasa! Mwenye nacho ndiye huongezewa. Hata Biblia imesema.

Nami ninacho. Katika mwaka mmoja nimeleta choo cha soko (kuta zimefika kifuani, mtu aliye ndani anaweza kusalimiana na wapita njia), barabara iliyochongwa hadi langoni kwangu, na tangi. Tangi kubwa, la kijani, lenye mfereji wa shaba! Maji ndiyo hayajafika. Kwa sasa wanakaa mijusi.

Nilipofika nyumbani mke wangu Kavuli alikuwa ndiyo kwanza anamtua punda mitungi. Huamka jogoo wa kwanza kwenda kuchota Kyandani. Nilimweleza habari za paipu. Akasema zikienda kwingine nijifunze kupika mwenyewe. Nimeapa mbele yake: paipu zitakuja Kwa Ndululu, wapende wasipende.

Jumanne, 18 Januari

Mpango umenijia nikinyoa ndevu. Tutalijaza tangi! Mhandisi atafungua mfereji, maji yatatoka, ataona wadi inayojua kutunza maji. Nani atawanyima paipu watu kama hao?

Kavuli akasema afadhali nimwoneshe mhandisi foleni ya akina mama na punda wao. Nikamwambia ombaomba ndiye huonesha kidonda. Diwani huonesha kazi. Akaendelea kupepeta maharagwe, na mimi nikahesabu hilo kuwa ushindi.

Tatizo: maji yenyewe. Mto ni mchanga mtupu, na ukichimba humo unapata kikombe cha tope. Maji ya kujaza tangi yako mahali pamoja tu, kwenye silanga ya Kyandani, lile bwawa la udongo walilochimba akina mama wa Syombua kwa mikono yao. Yaani nitamshinda Syombua kwa maji yake mwenyewe. Wazo hili limenipa raha kuliko chai.

Nimeonana na Kivuva mwenye punda. Amekubali kubeba, mradi nimfanye mlinzi wa mfereji na nimpe kofia ya kazi. Nimemwahidi kofia.

Alhamisi, 20 Januari

Nimevunjika kiuno. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Kumbe silanga ile ina sheria yake. Ni ya mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, na hakuna anayeuziwa maji. Anayechota anachimba. Kila mzigo wa punda unaopanda, mwenye maji hushuka na jembe, akajaza karai tope la chini ya bwawa, akalibeba kichwani hadi kwenye ukuta. Nilitoa noti. Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikawakumbusha kwamba mimi ni mheshimiwa. Syombua, aliyekuwa na tope hadi magotini, alisema kwa upole kwamba karai halijui mheshimiwa.

Nilimtazama Kivuva. Akasema punda ni wake lakini maji ni yangu, kwa hiyo tope pia ni langu.

Nikachimba! Kwa suruali ya baraza na viatu vya Krismasi. Walianza kuimba, wakanitia kwenye wimbo kwa jina langu. Jonah amekuja, Jonah amezama, nyangumi wa tope amemmeza. Ningekasirika, lakini sauti zilipangika vizuri, na jembe nalo likafuata wimbo bila ruhusa yangu.

Syombua aliuliza maji mengi hivi ni ya nini. Nikasema ya kukoroga sementi ya choo. Akasema hongera, choo kile kinahitaji kuta. Hakushuku kitu. Mwanamke mwema, lakini siasa haimfai.

Ijumaa, 21 Januari

Niliwakusanya vijana walionibeba mabegani siku ya kura. Walikuja wengi, wakiimba. Walipoona makarai wakakumbuka wana mbuzi wa kuchunga. Nikabaki mimi, Kivuva na punda, na kati yetu anayefanya kazi bila kulalamika ni punda.

Jioni tulimwaga mzigo wa mwisho. Maji yamefika nusu ya tangi! Kisha nikasikia mchirizi. Ufa upande wa nyuma. Nimeuziba kwa mche wa sabuni niliouchukua jikoni, nikapaka rangi ya kijani juu. Ukisimama mbali huoni kitu.

Silanga ya Syombua nayo imeongezeka kina pale nilipochimba. Akina mama walinipa bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuniambia nirudi wakati wowote. Nilikula haraka nisije nikawazoea.

Jumapili, 23 Januari

Siku mbaya. Habari zimevuja kabla ya tangi.

Tulipotoka kanisani nilikuta foleni kwenye mfereji wangu. Wadi nzima, na mitungi ya kila rangi! Wapiga kura wangu mwenyewe, wakinishukuru kwa nderemo. Bibi mmoja mzee alinishika mikono yote miwili akasema sasa anaweza kufa. Ilinibidi nipande juu ya jiwe niwaambie kwamba maji haya si ya kunywa, ni ya kuonesha. Nderemo zilikatika. Nikawaeleza: vumilieni mpaka Jumanne, baada ya hapo mtaoga mkitaka. Kisha nikafunga mfereji kwa kufuli.

Nilipogeuka, aliyekuwa wa kwanza katika foleni ni Kavuli.

Alinyanyua mtungi, akaufunga juu ya punda, akashika njia ya Kyandani na nguo zake za kanisani. Wanawake wengine wakamfuata. Nilisimama na ufunguo mkononi, na nasema wazi kwamba roho iliniuma. Nusura nimwite. Lakini mtu akianza kulegea siku mbili kabla ya ushindi, huyo si kiongozi. Nilikaza moyo, nikaenda kukagua sabuni. Inashika.

Jumanne, 25 Januari

USHINDI!

Mhandisi alipita Kyandani kwanza, nasi madiwani tukamfuata nyuma. Syombua hakuwa amepanga kitu. Hata maua hakuweka. Alimpeleka kwenye silanga akamwonesha ng'ombe na watu wakinywa maji yale yale. Akamwambia watoto wanaumwa matumbo, bwawa hukauka kabla ya Agosti, na akina mama wa wadi mbili wanachota hapo. Akakiri kwamba kwa mwaka mzima baraza halijawaletea hata tone moja. Nilimwonea huruma. Kujianika hivyo mbele ya mkubwa!

Kisha Kwa Ndululu. Nilikuwa nimefunga utepe. Kivuva alisimama na kofia yake (yangu ya zamani). Mhandisi akafungulia mfereji. Maji yakatoka kwa nguvu! Yalikuwa na povu kidogo kwa sababu ya ile sabuni, lakini alisema povu ni dalili ya msukumo mzuri. Mtu msomi.

Akauliza maji haya yalianza kutoka lini. Nikasema tangu baraza lizaliwe. Akauliza kama watu wangu wana shida yoyote ya maji. Nikamwambia Kwa Ndululu shida hiyo tumeisahau. Watoto wetu wanafikiri ukame ni ugonjwa wa Kitui mjini. Alicheka, akaandika, akanipa mkono. Bwana Mathenge alikohoa mara kadhaa, lakini huyo ni mtu wa Nyeri, hajazoea vumbi letu.

Aliyepiga makofi ni Kivuva peke yake. Wanawake wa wadi yangu walisimama na mitungi mitupu, kimya, Kavuli akiwa mbele yao. Furaha iliwatia haya, nafikiri. Syombua alinitazama kama mtu anayemtazama kuku anayeingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Wivu!

Alhamisi, 27 Januari

Mkutano maalumu. Bwana Mathenge alisoma uamuzi wa mhandisi. Mhandisi ameridhika sana na wadi ya Kwa Ndululu, ambayo imejitosheleza kwa maji katika mwaka wa kwanza tu wa baraza. Nikainuka nusu, tayari kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akaendelea kusoma. Kwa hiyo paipu zote zitapelekwa Kyandani, ambako shida ni kubwa.

Makofi. Dawati langu lilikuwa linazunguka.

Nilitaka kusema. Nilisimama kabisa. Nikisema ukweli, nakiri kwamba nilimdanganya mhandisi mbele ya wadi yangu yote. Nikinyamaza, tangi langu litakaa na mijusi mpaka mijusi wapate wajukuu. Mwenyekiti aliniona nimesimama, akadhani nataka kutoa shukrani, akawaomba wote watulie. Nikatoa shukrani. Nilishukuru kwa dakika nyingi, kwa sababu sikujua namna ya kukaa.

Nje, Syombua alinifuata nikiwa peke yangu. Nilingojea anicheke. Badala yake aliniambia kwamba siku ile kwenye mkutano aliuliza lile swali la tulicho nacho au tunachokosa kwa ajili yetu sote wawili. Kisha akasema wadi yangu inakaribishwa kuchota kwenye mfereji mpya, lakini mtaro wa paipu ni wa kuchimbwa kwa mikono. Sheria ni ile ile.

Nyumbani Kavuli alikuwa ameshasikia. Afadhali angepiga kelele. Alisema tu kwamba miaka yote amekuwa akitembea saa nzima na punda, na kwa siku moja, Jumapili, aliamini imekwisha. Kisha akachukua jembe akalinoa. Chakula kilikuwa ndani ya sufuria, kikavu, hakijapikwa. Nimelala na njaa, na sikustahili zaidi.

Jumapili, 30 Januari

Wanawake wa Kwa Ndululu wote wanachimba mtaro Kyandani. Ninawasikia wakiimba kutoka hapa, upepo ukiwa upande wetu. Sabuni imeyeyuka, tangi limejimwaga, na pale chini yameota majani mazuri ambayo mbuzi wa Kivuva wameyamaliza. Amekataa kurudisha kofia.

Nimefikiri sana siku hizi tatu. Mtu lazima ajue alipokosea. Na nimepajua: nilianza kwa kuchelewa, na maji ni kitu kinachovuja. Kosa halikuwa jingine.

Na Mungu si Athumani! Leo baada ya ibada Bwana Mathenge ameninong'oneza kwamba mwezi ujao anakuja mganga mkuu wa wilaya. Anazo dawa na muuguzi wa zahanati moja tu, na atakagua hali ya afya katika kila wadi kabla ya kuamua. Mathenge alirudia mara mbili kwamba zahanati itapelekwa penye wagonjwa wengi. Maskini, bado haijui serikali.

Nimeshaanza kazi. Vijana watakimbia mbio uwanjani mganga akipita. Wazee wenye fimbo wataziacha nyumbani. Sitaki kuona bendeji wala kusikia chafya. Hakutakuwa na mgonjwa hata mmoja Kwa Ndululu siku hiyo, naapa.

Kavuli tu ndiye anayenipa wasiwasi. Tangu jana anakohoa sana kwa vumbi la mtaro, na kifua kinamuuma. Nimemwomba kwa heshima zote siku hiyo akakoholee Kyandani.