Mshale wa Njano Kwenye Njia Panda ya Rooksend

Jumatatu, 4 Mei

Siwezi kutulia. Nimeketi, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga. Muriel ameuliza kama nina minyoo. Sina minyoo. Nina hasira!

Chanzo ni Roland Haddow, mwalimu mstaafu wa jiografia, mpanga njia wa klabu yetu ya baiskeli hapa Much Sallow tangu enzi na enzi. Jana tukinywa chai baada ya safari, nilisema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba labda wakati umefika mtu mwingine apange njia. Mimi, kwa mfano. Roland akaweka kikombe chini taratibu.

"Lionel, ndugu yangu," akasema, "mara ya mwisho ulituingiza kwenye shimo la samadi."

Kicheko! Muriel, mke wangu wa ndoa, alicheka mpaka skonzi ikampalia.

Lilikuwa shimo dogo.

Na njia za Roland zikoje? Tambarare! Kando ya mto kwenda, kando ya mto kurudi. Vilima vya Shropshire vimetuzunguka pande zote, na sisi tunavitazama kutoka chini kama ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa.

Jumanne, 5 Mei

Bahati! Nimekutana na Bi Enid Cheswick nje ya posta. Ndiye mkongwe wa klabu, na Jumapili hii itakuwa safari yake ya mwisho. Nyonga imechoka, daktari kasema basi. Alikuwa amemwomba Roland safari ipite kilima cha Rooksend, ambako yeye na marehemu mumewe, Wilfred, walikuwa wakipanda kila mwezi Mei enzi za ujana wao. Roland kakataa. Kwa upole, lakini kakataa. Mwinuko mkali mno.

Bi Enid alisema haidhuru. Kisha akatazama kule kilimani, akatazama weee, mpaka akasahau kwamba nimesimama mbele yake na mwavuli wake mkononi.

Iliniuma moyoni. Muda mzima wa kuvuka barabara iliniuma. Kisha nikaona: hii ni kura!

Jumatano, 6 Mei

Kikao cha klabu, baa. Nikasimama na ramani yangu. Nikaeleza njia mpya kupitia Rooksend: bonde, msitu, kilele, mandhari mpaka Wales. Kwa heshima ya Bi Enid, nikasema, na sauti ikatetemeka vizuri sana. Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni.

Roland akauliza nani atambeba Bi Enid kule juu. Mimi? Mimi ambaye hushuka na kusukuma baiskeli hata pale kwenye daraja la reli?

Kura zikapigwa. Njia ya mto ikapita. Muriel aliinua mkono kuichagua. Hata Bi Enid mwenyewe aliinua! Alisema hataki kumsumbua mtu.

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa mbele ya mke wangu makusudi. Akanipita penye mwinuko. Ameanza kuendesha Pasaka hii tu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimezunguka bustani mpaka majani yamefanya njia. Lakini nimepata!

Roland haamini mashine za kuonyesha njia, na simu mabondeni huko hazishiki. Kwa hiyo kila Jumamosi hupita peke yake akifunga mishale ya kadibodi ya njano kwenye nguzo za mageti. Pale njia panda ya Rooksend mshale huelekeza kushoto, mtoni. Mshale hauna akili. Ukigeuzwa kulia, unasema kulia.

Mpango: Jumapili najifanya nina mafua. Nawatangulia. Nageuza mshale. Najificha nyuma ya ua wa miiba. Roland hukaa mwisho kabisa na Bi Enid, hataona kitu. Wenzetu wanaingia kilimani, wanahema, wanalaani. Ndipo natokea kwa baiskeli, nimetulia, nasema: Jamani, Roland amewapoteza? Nifuateni!

Roland kwisha.

Muriel ameniuliza mbona natabasamu. Akanionya kwamba nikileta upuuzi wowote Jumapili, Julai yeye ataenda Norfolk na klabu, na mimi nitabaki hapa kumtunza mama yake. Mwezi mzima! Mama mkwe aliyewahi kuniambia kwamba ninatafuna kwa sauti ya farasi.

Nimeapa. Vidole vilikuwa vimepishana mfukoni, kwa hiyo kiapo hakihesabiki.

Jumapili, 10 Mei

Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani, na sababu ni upupu.

Mshale niliugeuza bila tabu. Niliporuka ua, nikatua kwenye upupu. Kaptura ya baiskeli ni nyembamba sana, sikuwahi kujua. Nikauma glavu ili nisipige kelele. Wakaja. Wa kwanza akaona mshale, akashangaa, akapinda kulia. Wote wakamfuata kama kondoo! Muriel alinung'unika kwamba Roland leo kapagawa.

Nikashika baiskeli nitoke kishujaa. Pssss. Tairi la mbele. Mwenye shamba alikuwa amekata ua juzi, miiba imetapakaa kila mahali. Nikatafuta pampu. Pampu iko nyumbani, nilipoiweka ili mtu mwenye mafua asionekane kajiandaa.

Nikiwa pale chini, wakafika Roland na Bi Enid. Roland akaona mshale. Akafunga breki.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Nani ka..."

Bi Enid naye akaona mshale. Akaona wenzetu kule juu, vinukta vya rangi kwenye mteremko wa kijani. Akashika mkono wa Roland.

"Roland," akasema. "Mwanangu. Umenifanyia hivi? Ukajifanya umekataa?"

Nilimwona Roland kupitia majani. Aliutazama mshale, akautazama ule mkono wa Bi Enid.

"Basi, Enid," akasema mwisho. "Twende taratibu. Ukichoka, tunasukuma."

Wakaenda. Wakapanda. Na mimi nikabaki kwenye upupu.

Nilipanda nyuma yao kwa miguu, nikiburuta baiskeli, viatu vya baiskeli vikigonga lami kwa vyuma vya soli. Kondoo walinitazama mpaka nikawatukana. Nilipofika kileleni, wote walikwisha kuteremka upande wa pili. Mandhari yalikuwepo. Sikuyataka.

Muriel kanisimulia jioni. Bi Enid alisukumwa sehemu kali, Roland upande mmoja, Muriel mwenyewe, aliyerudi chini kusaidia, upande wa pili. Kule juu Bi Enid alishuka, akavua helmeti, akaanza kuongea na Wilfred kwa sauti kabisa, akimweleza kwamba mti wao umekatwa lakini ukuta wa mawe bado upo. Watu wazima wakalia. Kisha wakampigia Roland makofi.

Roland! Makofi!

Jumatatu, 11 Mei

Nimegundua nimekwama. Nikikaa kimya, sifa ni za Roland. Nikisema, mimi ndiye mgeuza mishale, na Norfolk naisikia redioni.

Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa natembea kutoka jikoni hadi mlangoni, nikirudi. Muriel akaniambia nikae. Nikamwambia siwezi. Akaniambia anajua siwezi, na akaniletea mafuta ya kupaka.

"Nilikuona," akasema. "Kichwa chekundu juu ya ua kama jogoo aliyepotea."

Nikangoja hukumu. Akasema Norfolk nitaenda. Akasema hajui nilikuwa nataka nini pale, na hataki kujua, ila Bi Enid alirudi nyumbani akiimba. Akasema hili ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya, na limekuwa zuri kwa sababu hakuna aliyejua ni mimi. Niliache hapo hapo, tafadhali. Kisha akanibusu utosini.

Nikakaa. Pamoja na upupu wote. Nilikaa mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 12 Mei

Nimelitafakari neno la Muriel usiku mzima na nimelielewa barabara.

Mshale mmoja tu umeleta furaha yote ile. Mmoja!

Mwezi ujao kuna safari kubwa ya kuchangia paa la kanisa. Waendeshaji wa wilaya nzima, mapadri wawili, na askofu mwenyewe juu ya baiskeli ya viti viwili. Roland ndiye atakayefunga mishale.

Nimemwambia Muriel natoka kidogo kupunga upepo. Nimeshazikagua njia panda za upande wa mashariki. Ni nyingi sana, na ua wa huko hauna upupu.