Lalamiko Lisizidi Mistari Mitatu

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi asubuhi: kwa maslahi mapana ya umma, kuanzia sasa lalamiko lolote litapokelewa kwa haiku pekee.

Bwana Sostenes, Mkuu wa Kitengo cha Ufupisho wa Malalamiko, alikuwa ametoka semina. Huko alifundishwa kwamba haiku ni shairi la Kijapani lenye mistari mitatu: silabi tano, saba, kisha tano. Wenzake walirudi na mikoba ya semina, yeye akarudi na sera. Malalamiko yakipungua, uhamisho wa kwenda makao makuu aliouota miaka yote ungejileta wenyewe.

Wa kwanza kufika alikuwa Agripina, katibu wa kamati ya maji ya kijiji kimoja upande wa Iguguno, ambako mashine ya kisima ilikuwa imekufa na watu wanagombania dimbwi na ng'ombe. Alisimama wima, akahesabu kwa vidole, akasema:

Hodi, ofisi.
Shikamoo, Mzee.
Mama hajambo?

"Marahaba. Hajambo," Sostenes akajibu, akagonga muhuri: HAKUNA LALAMIKO.

Agripina akaeleza kwamba ndiyo kwanza alikuwa anasalimia. Sostenes akamkumbusha, kwa upole wa kiserikali, kwamba nafasi imejaa. Siku nyingine salamu aziache nyumbani.

"Niingie kwa mtu mzima bila salamu, Mzee? Kwani mimi mbuzi?"

Wakaja wengine, wote wamelelewa vilevile, na kila haiku ikaishia kwenye habari za watoto. Faili la malalamiko likabaki jeupe. Sostenes alifurahi mno. Hata hakukerwa aliposikia watu wameigeuza haiku mchezo. Mnadani, Miraji muuza kuku alikuwa akinadi:

Kuku wa kwetu
hupiga mbio sana,
mshike kwanza.

Mteja aliyeweza kumjibu kwa mistari ya namna hiyo alipunguziwa bei, na foleni ilikuwa ndefu.

Sifa zikafika juu. Mkurugenzi akaja mwenyewe, pamoja na Sostenes, kijijini kwa akina Agripina kushuhudia wananchi wasio na shida. Wakampokea kwa vigelegele, wakamwamkia mmoja mmoja. Naye akaipongeza sera, akaagiza iwabane na watumishi: mwenye ombi lolote aombe hivyo hivyo. Kisha, kwa kuwa vumbi lilikuwa limemkaa kooni, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Agripina akasogea. Vidole vilikuwa tayari.

Maji hakuna,
mashine imekufa.
Nilisalimu.

Mkurugenzi akahesabu, akakuta imetimia. Hapakuwa na kifungu cha kuikataa. Akapiga simu palepale, na fundi akaagizwa aje na vipuri vyake.

Sostenes akapiga hesabu. Kama mambo ni rahisi hivi, kwa nini naye asiombe uhamisho wake? Akalikimbilia gari la mgeni, akaweka tai sawa, akafungua kinywa kilichozoea risala:

Mheshimiwa,
kiongozi shupavu,
mchapakazi…

Kijiji kizima kilikuwa kinahesabu naye, na vidole vikaisha.

"Asante sana," alisema Mkurugenzi, akapandisha kioo. Gari likaondoka.

Sostenes alibaki mdomo wazi, uhamisho umemkwama kooni pamoja na vumbi. Agripina akamletea kigoda.

"Imejaa, Mzee," akamwambia. "Ila usijali. Fundi akimaliza, maji utakunywa hapa hapa na sisi."