Pointi Kumi na Nane za Baba Mkwe

Jumamosi, 20 Januari
Duane tena. Shemeji yangu huyu, kaka wa Marlys mke wangu, kaja kunywa kahawa yetu na kutuonyesha kwa mara ya tano picha za elki aliyempiga risasi kule jimbo la Wyoming. Elki ni kulungu mwenye ukubwa wa farasi, na pembe za huyu hazikuenea kwenye picha. Kisha akaniuliza mbele ya mke wangu nina pointi ngapi. Anajua sina hata moja.

Sisi watu wa Minnesota kule ni wageni, na wageni wanapangwa foleni kwa pointi. Unanunua moja kila mwaka, zikitosha unapata kibali cha kuwinda. Mimi nimegoma tangu mwanzo. Nilisema silipii hewa na sijarudi nyuma. Ila elki namtaka, na namtaka kabla Duane hajapiga wa pili.

Jumapili, 21 Januari
Nimepata. Kichwa changu si cha kufugia nywele.

Baba mkwe, mzee Verlyn, ana pointi kumi na nane. Kawinda kila kitu maishani isipokuwa elki. Ana miaka sabini na minane, na daktari kamwambia goti lake halipandi milima baada ya mwaka huu. Mwaka huu au basi. Eneo analolitaka, mwaka jana walipata wenye kumi na saba. Na sheria inaruhusu watu wawili kuomba kwa kundi.

Nikamfuata ziwani, kwenye kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu. Nimekaa naye saa mbili mbele ya tundu la barafuni, miguu imekufa ganzi. Nikamuuliza nani atambebea nyama. Duane mgongo mbovu. Elki mmoja anataka safari nne za mgongoni, na mgongo huu hapa. Mzee akavuta mshipi wake, akasema haya mwanangu, andika.

Jumatano, 24 Januari
Tumeandika kwenye kompyuta yetu. Mzee kompyuta haimpendi, kwa hiyo mimi nasoma, yeye anatikisa kichwa. Zake kumi na nane, zangu sifuri, jumla kumi na nane. Marlys kauliza kama nimesoma kanuni zote. Nimemwambia nimesoma zinazonihusu.

Jumapili, 28 Januari
Baada ya ibada, kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Duane, keki mdomoni, kanieleza kwamba pointi za kundi hazijumlishwi tu. Zinachanganywa, kisha zinagawanywa kwa idadi ya watu. Kumi na nane na sifuri, kwa watu wawili, ni tisa. Kwa tisa, anasema, hata sungura hupewi. Nikamwambia wivu utamuua.

Nimerudi nyumbani nikasoma. Ni tisa.

Mwisho wa maombi ni Alhamisi. Kujitoa ni kazi ya dakika moja, mzee akabaki na zake. Lakini nikijitoa Duane atanicheka mpaka wanizike. Na vipo vibali vichache vinavyotoka kwa bahati tupu, hata mwenye sifuri anaweza kuokota. Nani kasema si sisi? Nimezima kompyuta. Mimi si mtu wa kutolewa kwenye kundi na keki ya kanisani.

Jumatatu, 29 Januari
Mzee kapiga simu. Kanunua viatu vipya vya milimani, anavivaa sebuleni ili vilainike. Akauliza, taratibu, kama maombi yetu yako sawa. Nikamwambia kila kitu shwari. Akasema basi vizuri.

Niliona aibu, nasema kweli. Nikala sahani mbili za viazi na nyama ya kuoka. Ikapungua.

Alhamisi, 1 Februari
Jana Marlys karudi kutoka kwa baba yake, kapoa kupita kawaida. Akauliza kama nina neno la kumwambia mzee. Nikasema sina.

Leo wamefunga kupokea maombi. Jina langu limebaki. Duane na ashinde na njaa.

Alhamisi, 16 Mei
Majibu. Jina langu halimo.

Nikanunua donati kwenda kumfariji mzee. Nimemkuta barazani anapaka viatu mafuta, anapiga mluzi. Kapata kibali. Nikamwambia kompyuta imekosea, haiwezekani yeye apate mimi nikose, tuko kundi moja.

Akaniambia hatuko. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Duane alimwambia siku ileile ya keki. Jumatatu alipiga simu ili niseme mwenyewe. Jumatano akamtuma Marlys ili niseme mwenyewe. Nilipokataa, Alhamisi kabla hawajafunga baba na binti wakakaa mezani kwake, wakafuta maombi ya kundi, wakaandika ya mtu mmoja.

Halafu akasema lile ambalo bado liko kifuani. Kwamba kubeba nyama hakuhitaji kibali wala pointi. Ningemwambia ukweli, angenichukua vilevile, tungekuwa wote mlimani mwezi wa kumi. Sasa anakwenda na Marlys.

Nikapita uani kwangu. Mke wangu anapanda na kushuka ngazi na gunia la mchanga mgongoni. Hakusimama kunisalimia. Machozi yakanilengalenga. Ni chavua, mwezi huu inasumbua wengi.

Jumapili, 19 Mei
Nimefikiri siku tatu nzima na kosa langu nimeliona. Nilichagua mtu mwenye watoto. Watoto wanasema.

Bi Ardis wa mtaa wa pili ni mjane. Hana mtoto, hana kaka, na huomba kibali cha kuwinda swala Wyoming kila mwaka. Pointi kumi na tano, kaniambia mwenyewe kwenye foleni ya posta. Leo nimemkatia nyasi mbele na nyuma bila kuombwa. Akanikatia kipande cha pai, akauliza nimekuja kutafuta nini. Nikamwonyesha mgongo wangu wa kubebea nyama. Nikamweleza habari ya kuomba kwa kundi.

Akataka kujua mimi nina pointi ngapi. Nikamwambia, Bi Ardis, mkiomba kwa kundi jambo hilo halina maana.